ELIJAH MASINDE NA JINA LA WAZIMU

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Mwaka huu mhariri alitutaka tuandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kuaga dunia. Najua wenzangu wengi wamemkimbilia Tom Mboya wa Rusinga, na wengine Gor Mahia wa Kanyamwa, maana hao ni wa hapa hapa karibu na habari zao hata nyanya zetu wanazijua. Mimi nimeenda mbali kidogo, mpaka Bungoma, chini ya Mlima Elgon. Nimemchagua Elijah Masinde. Na tafadhali msimchanganye na Masinde Muliro, yule mbunge ambaye chuo kikuu cha Kakamega kina jina lake. Huyo ni mwingine kabisa.

Nitaeleza kwa nini nimemchagua. Hapa Magunga mtu akikosea kidogo tu, akigeuza sweta ndani nje, ama akiongea peke yake akienda kuchota maji, utasikia ati huyo ametoroka Mathare. Jina hilo tunalijua kuliko mito ya Kenya tunayofundishwa katika Jiografia, ingawa wengi wetu hatujafika Nairobi, ambako ni safari ya siku nzima kwa gari. Tukiongea Kijaluo tunasema janeko, yaani mwendawazimu, na neno hilo likishamshika mtu halimtoki. Sasa, katika Historia tulipofika kwa madhehebu ya Kiafrika yaliyopinga ukoloni, tulisoma kwamba kiongozi wa Dini ya Msambwa aliwahi kufungiwa katika hospitali hiyo hiyo ya Mathari. Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nikaenda kutafuta vitabu.

Masinde alizaliwa karibu mwaka wa 1910 katika sehemu za Kimilili. Alikuwa Mbukusu. Ujanani jina lake lilivuma kwa sababu ya mpira wa miguu, si kwa dini wala siasa. Alikuwa nahodha wa timu ya Kimilili, na mwaka wa 1930 aliichezea Kenya dhidi ya Uganda katika mashindano ya Kombe la Gossage, ambayo siku hizo ndiyo yaliyokuwa makubwa hapa Afrika Mashariki. Hebu fikirini, kijana wa kijijini, miaka ya ukoloni, akivaa jezi ya nchi! Wachezaji wetu wa timu ya shule wangemwita nyota.

Alisoma kidogo katika shule za misheni ya Friends, wale ambao pia huitwa Quakers, akawa muumini wao. Lakini alipooa mke wa pili, misheni ikamtoa. Alifanya pia kazi katika baraza la wenyeji, kazi ya kupeleka hati za kuwaita watu shaurini. Nadhani kazi hiyo ilimfungua macho, maana mtu anayepeleka hati nyumba kwa nyumba huona kila aina ya dhiki: huyu kashtakiwa kwa kodi, yule kwa shamba, mwingine hata hajui kosa lake. Kazi hiyo nayo hakudumu nayo.

Wakati huo Wabukusu walikuwa na donda ambalo halikupona. Mashamba mazuri ya Trans Nzoia, kuelekea Kitale, yalikuwa yamegawiwa walowezi wa Kizungu, na wenyeji wakawa vibarua na maskwota katika nchi waliyoijua kama yao. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza mwaka wa 1939, serikali ikazidisha mambo: vijana wakachukuliwa jeshini na wengine kazi za lazima. Ni katika miaka hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1940, ndipo Masinde na wenzake walipoanzisha Dini ya Msambwa. Msambwa ni neno la Kibukusu linalohusu mizimu ya wazee waliotangulia. Masinde alifundisha kwamba Mwafrika ana Mungu wake na njia yake ya kumwomba, na kwamba Mzungu arudi kwao. Mlima Elgon ukawa mahali patakatifu kwao.

Kilichomfikisha hospitalini kilianza na gugu. Liko gugu refu lenye harufu kali na maua madogo ya manjano, ambalo asili yake ni Marekani ya Kusini, na lilikuwa limeenea mashambani. Mwaka wa 1944 maofisa wa kilimo waliwalazimisha wakulima waling'oe. Masinde akakataa katakata. Kwa macho yake gugu hilo halikuwa la kwao, lilikuja na wageni, sasa kwa nini mwenyeji avunjike mgongo kuling'oa bila malipo? Kukawa na ugomvi na watu waliotumwa kwake, akashikwa, akashtakiwa, akafungwa. Kisha mwaka wa 1945, badala ya kumaliza mambo ya jela na kurudi nyumbani, akahamishiwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Alikaa huko mpaka Mei 1947.

Hapa nataka nitulie kidogo, maana ndipo penye kisa.

Mathari ilianzishwa mwaka wa 1910, mahali palipokuwa pa kuwatengea wagonjwa wa ndui. Jina la Mathari ilipewa mwaka wa 1924. Wakati wa Masinde wodi zilikuwa zimegawanywa kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, na Waafrika kwao, na upande wa Waafrika ndio uliojaa kupita kiasi. Dawa za kutuliza ugonjwa wenyewe hazikuwapo bado popote duniani. Ile ya kwanza, klopromazini, ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili huko Ufaransa mwaka wa 1952. Kwa hiyo mwaka wa 1945 mgonjwa aliyepelekwa Mathari hasa alipelekwa kufungiwa. Ukuta ndio uliokuwa dawa.

Daktari mkuu alikuwa Mwingereza kwa jina J.C. Carothers, aliyeisimamia hospitali hiyo tangu 1938 hadi 1950. Alipokabidhiwa hospitali hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Alikuwa daktari wa kawaida wa serikali, mafunzo hayo aliyapata baadaye. Baadaye tena Shirika la Afya Duniani lilimwomba aandike kitabu juu ya akili ya Mwafrika, kikatoka mwaka wa 1953. Humo alidai kwamba Mwafrika haitumii vizuri sehemu ya mbele ya ubongo, akamlinganisha na Mzungu aliyepasuliwa ubongo. Mwaka uliofuata akaandika ripoti ya serikali kuhusu Mau Mau, akaueleza uasi ule kama mambo ya akili zilizotatizika, ardhi ikapata nafasi ndogo. Ama kweli! Mtu ananyang'anywa shamba, akipiga kelele, anapimwa kichwa.

Sasa je, Masinde alikuwa mgonjwa? Wanaomtukuza husema hapana, alikuwa na akili timamu kuliko waliomfunga, na kumweka kati ya vichaa ilikuwa matusi. Nami naona hila ya serikali iko wazi, kwa sababu moja rahisi. Mwaka wa 1945 maneno yake yalimfanya mgonjwa wa kupelekwa hospitali. Mwaka wa 1948, kama mtakavyoona, maneno yale yale yalimfanya mhalifu wa kupelekwa uhamishoni. Ugonjwa gani huo unaobadilika kuwa jinai kwa agizo la ofisi?

Lakini hiyo hoja ya kwamba kuwekwa kati ya vichaa ilikuwa matusi inanichoma. Hao wengine waliokuwa ndani ya wodi moja naye walikuwa akina nani? Walikuwa watoto wa watu. Wengine walitoka huku Nyanza, wengine Ukambani, wengine pwani, na hakuna anayewaandikia habari katika jarida lolote. Tukisema kosa la serikali lilikuwa kumchanganya mtu mzima na wagonjwa, ni kama tunakubali kwamba kwa wagonjwa wenyewe mahali pale palitosha. La hasha! Na tena, tuseme Masinde angekuwa mgonjwa kweli, anasikia sauti usiku na kuona mambo. Je, mashamba ya Trans Nzoia yasingekuwa yamechukuliwa? Yangekuwa yamechukuliwa vile vile. Mgonjwa anaweza kusema kweli. Hilo ndilo watu wanalokataa, jana na leo.

Ninalijua kwa sababu ya nyumbani kwetu. Baba yangu mdogo aliugua nilipokuwa darasa la sita. Alikuwa mchuuzi wa omena, anayazoa ufuoni alfajiri na kuyapandisha sokoni. Akaanza kukosa usingizi, akawa anatembea usiku na kugombana na watu wasioonekana. Wako waliosema ni chira, wako waliosema amerogwa na mwenzake wa biashara. Nyanya aliuza ng'ombe kwa mambo ya waganga kabla ya baba kumpeleka hospitalini, akalazwa wiki kadhaa. Alirudi akiwa ametulia. Mpaka leo anachomwa sindano kila mwezi na analima kama mtu yeyote. Lakini biashara ya omena ilikufa. Wateja walipita karai lake kana kwamba ugonjwa unaambukiza kwa samaki. Siku moja mtu alimlipa pungufu, shilingi mia mbili hazikufika. Alipolalamika, yule mtu akawageukia watu, akagonga kichwa chake kwa kidole, wote wakacheka. Hesabu ilikuwa sahihi, mimi nilikuwepo na niliihesabu. Lakini nani angemwamini? Hata katika zahanati moja nilimsindikiza akiwa na malaria tupu, homa na kutapika, na aliyekuwa zamu alipoona kwenye kadi dawa anazotumia akamwambia akae kando asubiri. Tulisubiri mpaka jioni.

Kwa hivyo niliposoma habari za Masinde na gugu lake, nilimwona baba mdogo na shilingi zake mia mbili.

Kuna daktari mwingine ninayependa mumjue, ingawa si wa Kenya. Ni Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria. Mwaka wa 1954, Carothers akiwa bado anaandika mambo yake, Lambo alianza kazi huko Aro, karibu na mji wa Abeokuta, kwa namna iliyoshangaza wengi. Hakutaka mgonjwa afungiwe. Wagonjwa walikaa katika vijiji vilivyo karibu na hospitali, kila mmoja akiwa amekuja na jamaa yake wa kumpikia na kumwangalia. Asubuhi wanakwenda hospitalini kutibiwa, baadaye wanarudi kijijini wanalima, wanasuka, wanaongea na watu. Wanakijiji walilipwa kodi ya nyumba, na wakawazoea wagonjwa. Waganga wa kienyeji nao aliwaita washirikiane naye. Watu kutoka nchi nyingi walikwenda kujifunza. Lambo alifariki mwaka wa 2004 akiwa amewahi kuwa naibu mkurugenzi mkuu wa lile lile Shirika la Afya Duniani lililochapisha kitabu cha Carothers. Mungu si Athumani!

Turudi kwa Masinde. Alipotoka Mathari Mei 1947 serikali huenda ilifikiri amenyamaza. Wapi! Watu walimpokea kwa wingi kuliko kwanza. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo aliongoza maelfu ya wafuasi hadi Chetambe, karibu na Webuye, mahali ambapo mwaka wa 1895 Waingereza na majeshi yao waliwaua Wabukusu wengi sana waliokuwa wamejihami ndani ya ngome yao ya udongo. Hapo wakachinja mnyama na kuwaombea waliokufa. Ilikuwa zaidi ya miaka hamsini imepita na mambo hayo yalikuwa hayajasahaulika. Mimi nikitaka kupima kama mtu ana akili ningetazama hapo: alijua nini kinawauma watu wake na mahali gani pa kwenda kulilia.

Sitaki kumfanya malaika. Wafuasi wake walilaumiwa kwa kuchoma makanisa na shule katika miezi hiyo, na Waafrika wenzao waliokuwa Wakristo waliogopa. Februari 10, 1948, umati wa wafuasi ulikabiliana na polisi Malakisi, polisi wakapiga risasi, watu 11 wakafa na wengine wakajeruhiwa. Siku chache baadaye Masinde alikamatwa na dini ikapigwa marufuku. Safari hii hakuna aliyetaja hospitali. Alipelekwa Lamu, kwenye bahari, mbali kabisa na mlima wake, akakaa uhamishoni zaidi ya miaka kumi mpaka Uhuru ulipokaribia.

Kwa sisi wa Nyanza Kusini hili la kumhamisha mtu si geni. Dini ya Mumbo, ile ya nyoka mkubwa wa ziwani, ilianzia Alego mwaka wa 1913 kwa Onyango Dunde ikafika mpaka huku kwetu na Kisii. Nayo ilisema Wazungu wataondoka, na baadhi ya viongozi wake nao walihamishwa mbali na makwao. Wakubwa wa serikali waliiandika kama wazimu wa washenzi. Kwa hiyo tusidhani ni mambo ya Bungoma tu.

Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1963, mtu angetarajia Masinde apumzike. Dini yake iliruhusiwa, kisha mwaka wa 1968 ikapigwa marufuku tena, safari hii na serikali ya Waafrika. Mzee aliendelea kusema alichotaka kusema, juu ya ardhi na juu ya viongozi, na aliendelea kukamatwa na kufungwa. Kila akitoka anasema tena. Wengi wa kizazi cha babu zetu walimkumbuka hivyo tu, mzee mkaidi, na wale wasiompenda walikuwa na jibu tayari: si aliwahi kulazwa Mathari? Miaka miwili ya hospitali ilimfuata kwa miaka arobaini. Hata vifungo vyake vyote vya jela havikumharibia jina namna hiyo. Jela watu husamehe, na mtu akifungwa kwa siasa huitwa shujaa.

Mathari yenyewe ingali ipo, kando ya barabara ya kwenda Thika, na sasa ni hospitali ya kitaifa ya rufaa na mafunzo. Mei 2013 wagonjwa 40 walitoroka kwa siku moja. Nchi nzima ilicheka, na watu wakatungia vichekesho. Wachache waliuliza walitoroka nini. Sheria sasa imebadilika kidogo. Mabadiliko ya mwaka wa 2022 katika Sheria ya Afya ya Akili yanampa mgonjwa haki ya kuulizwa kuhusu matibabu yake na kutobaguliwa, na Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Baba mdogo nilimsomea habari hizo za sheria ya 2022 kutoka gazeti lililofungia sukari. Alisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza kama sheria hiyo inafika na sokoni. Nikacheka, yeye hakucheka, akachukua jembe lake akaenda.

Elijah Masinde alifariki Juni 1987 na kuzikwa kwao, Maeni, Kimilili. Dini ya Msambwa haikuzikwa naye, wako wanaoifuata mpaka leo katika sehemu za Bungoma na Trans Nzoia. Wazee wa huko wanaopenda kandanda, ukiwataja akina nani waliocheza zamani, humtaja yeye kwa Kombe la Gossage la 1930.